Kipupwe Kinapokaribia: Somo la Kuiandaa Nyumba kwa Baridi



Somo la robo hii linahusu jambo ambalo watu wa pwani wanaweza kulicheka, nalo ni baridi. Mtu wa Dar es Salaam au Tanga akiambiwa kwamba kuna Watanzania wanaotetemeka usiku kucha kwa miezi mitatu kila mwaka, anaweza kudhani tunatia chumvi. Wanakamati wa Makete, Njombe, Ludewa na Mufindi hawahitaji kuelezwa. Wanajua kwamba kuanzia Juni hadi Agosti maji ya ndoo huuma vidole asubuhi, majani ya viazi huungua kwa sakitu, na wazee huamkia jikoni wakiwa wamejikunyata kando ya mafiga.

Wanaijua pia habari inayorudi mara kwa mara katika majira haya: familia imelala na jiko la mkaa chumbani, mlango umefungwa, na asubuhi hakuna aliyeitika hodi.

Kwa kawaida tunalikabili tatizo hili kwa njia mbili. Tunagawa mablanketi, na tunatangaza baada ya ibada kwamba watu wasilale na moto ndani. Yote mawili ni mema. Lakini blanketi lililo chini ya bati linalodondosha matone huloa kabla ya saa kumi alfajiri, na bibi anayekatazwa kulala jikoni, huku chumba chake kikiwa wazi kwa upepo, atarudi jikoni usiku huohuo. Waraka wa Yakobo, sura ya pili, unamkemea mtu anayemwambia mwenzake aende akaote moto na kushiba, ilhali hajampa chochote. Tangazo letu bila matengenezo ya nyumba linakaribia kuwa la namna hiyo.

Basi fundisho la somo hili ni moja: usimnyang'anye mtu moto kabla hujampa joto. Na joto la kudumu linatokana na nyumba iliyotengenezwa kabla ya baridi kuingia. Tunaomba kila kamati isome somo hili pamoja mwezi wa Aprili, ili kazi yenyewe ifanyike Mei.

BARIDI YETU INATOKA WAPI

Kuna sababu tatu, na kila moja ina la kutufundisha.

Ya kwanza ni kimo cha nchi. Kadiri mtu anavyopanda kutoka usawa wa bahari, hewa hupoa kwa wastani wa nyuzijoto 6 hivi kwa kila mita 1,000. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo, ambao tangu mwaka 2005 ni hifadhi ya taifa, uko kwenye mita 2,600 hivi. Kwa hesabu hiyo pekee Njombe ina baridi kuliko pwani kwa nyuzijoto 12 hivi, na Kitulo kwa 15. Hilo hatuwezi kulibadilisha.

Ya pili ni anga isiyo na mawingu. Mawingu huifunika ardhi kama blanketi. Mvua zinapokoma mwezi wa Mei, blanketi hilo huondolewa, na joto ambalo ardhi na mapaa yalilipata mchana hupotelea angani usiku. Ndiyo maana baridi kali huja karibu na alfajiri. Hewa baridi pia ni nzito, kwa hiyo huteremka na kutuama mabondeni, na huko ndiko sakitu inakoonekana kwanza. Kamati ikitembelea kigango chenye nyumba za mtelemkoni na za bondeni, ianzie bondeni.

Ya tatu ni upepo. Majira haya ni ya kusi, upepo unaotoka kusini na kusini-mashariki. Wakati huohuo jua la Juni na Julai hupita upande wa kaskazini wa anga yetu. Maana yake ni kwamba kila nyumba ina ukuta wa upepo na ukuta wa jua. Ukuta wa kusini na wa mashariki ndio wa kuzibwa kwanza. Dirisha la kaskazini ndilo la kufunguliwa mchana ili jua liingie, na kufungwa kabla halijatua.

JOTO LINAPOTELEA WAPI

Nyumba za zamani za nyasi zilikuwa na kasoro zake. Zilishika moto kwa urahisi, na kila baada ya muda zilihitaji kuezekwa upya. Lakini nyasi nene zilihifadhi joto. Bati limetupa paa la kudumu na maji ya kukinga, na hakuna anayetaka kurudi nyuma. Hata hivyo bati ni chuma chembamba. Usiku hupoa upesi kuliko kitu kingine chochote ndani ya nyumba, na mvuke wa pumzi za waliolala ukiligusa hugeuka kuwa matone. Watu husema bati linatoa jasho. Jasho hilo ndilo linaloangukia matandiko.

Katika nyumba za kawaida za matofali na bati, joto hupotea kwa njia nne:

1. Paa lisilo na dari. Hewa yenye joto hupanda juu, ikakutana na bati baridi na kupoa.

2. Uwazi kati ya ukuta na bati. Mafundi wengi huacha nafasi hiyo pande zote, na mabonde ya bati huiongeza. Upepo huingia upande mmoja na kutokea upande wa pili, juu ya vichwa vya waliolala.

3. Milango na madirisha. Katika nyumba zisizokamilika dirisha ni tundu lililopangwa matofali makavu au kuzibwa kwa kiroba. Mlango una nafasi chini inayopitisha hata kifaranga.

4. Unyevu wa kuta na sakafu. Ukuta ulionyeshewa tangu Desemba huingia kipupwe ukiwa bado na maji ndani yake. Ukuta mbichi hupitisha baridi kuliko mkavu, na chumba chenye unyevu huwaumiza wenye pumu na kifua.

Kuna kipimo kisichohitaji chombo. Mchana wa jua, wanakamati wawili waingie chumba cha kulala pamoja na mwenye nyumba, wafunge mlango na madirisha, wanyamaze kidogo mpaka macho yazoee giza, kisha wahesabu mahali mwanga unapopenya. Kila panapopita mwanga panapita upepo. Jioni upepo ukivuma wapite kando ya fremu na mshumaa unaowaka, wakiuweka mbali na nguo na nyasi. Mwali ukilala, hapo pana kazi. Mwenye nyumba akiyaona haya kwa macho yake, hatahitaji hotuba.

MOTO WA NDANI NA HATARI YAKE

Hapa tunaomba wanakamati wasome polepole, kwa sababu sehemu hii inahusu uhai.

Moto wa jikoni una hatari mbili tofauti. Ya kwanza ni moshi, ambao huua taratibu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, inayotokana zaidi na kupikia kuni, mkaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani. Kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Moshi huharibu mapafu ya mama anayepika na ya mtoto aliyebebwa mgongoni, na nimonia humpata kwa urahisi mtoto wa namna hiyo.

Hatari ya pili ni hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, nayo huua kwa usiku mmoja. Hutokea mkaa au kuni zinapoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Mtu akiivuta, hushikamana na damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni, hivyo damu huendelea kuzunguka bila kuubebea mwili kile unachohitaji. Mtu husikia kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Aliyelala hasikii chochote.

Kuna imani kadhaa ambazo kamati inapaswa kuzijibu kwa upole lakini waziwazi:

"Mkaa ukishakolea na kuacha moshi, hauna madhara." Si kweli. Makaa mekundu yasiyotoa moshi, hata yaliyofunikwa majivu, huendelea kutoa hewa hiyo.

"Ukiweka beseni la maji karibu na jiko, maji yatainyonya sumu." Si kweli. Maji hayaiondoi hewani.

"Ukilala chini sakafuni utakuwa salama." Si kweli. Hewa hiyo huchanganyika na hewa yote ya chumba, chini na juu.

"Tumefanya hivi miaka yote na hatujafa." Inawezekana ni kweli, kwa sababu nyumba ilikuwa na nyufa nyingi. Na hapa ndipo kamati inapaswa kuwa makini kuliko popote. Tukiziba nyufa za nyumba bila kuwafundisha wenyewe juu ya moto, tunaweza kuwaua kwa wema wetu. Nyumba iliyozibwa vizuri huwa hatari zaidi kwa mtu anayeingiza jiko. Kwa hiyo mafundisho ya moto na kazi ya kuziba viende pamoja, siku ileile, na mwenye nyumba ile.

Kanuni ya kukumbuka ni hii: zuia upepo, acha hewa. Kila chumba cha kulala kibaki na tundu la hewa karibu na juu ya ukuta, kubwa kiasi cha nusu tofali, upande usiopigwa na kusi. Tundu hilo lisizibwe kamwe. Tundu hili ni la pumzi za waliolala tu, halimpi mtu ruhusa ya kulala na jiko.

Ikiwa ni lazima chumba kipashwe moto jioni, jiko liwashwe nje mpaka likolee, liingizwe wakati watu wako macho na mlango uko wazi, na litolewe nje kabla mtu yeyote hajalala. Asiachwe mtoto na jiko hata kwa dakika chache. Mkikuta watu kadhaa wa nyumba moja wanaumwa kichwa na kutapika kwa pamoja karibu na jiko, watoeni nje kwenye hewa safi mara moja, kisha wapelekeni kituo cha afya hata kama wanasema wamepata nafuu.

KAZI ZA MWEZI WA MEI

Zifuatazo ni kazi saba, zikipangwa kwa utaratibu wa kuzifanya. Nyingi zinatumia vitu vilivyopo kijijini.

1. Kuondoa maji. Chimbeni mtaro kuzunguka nyumba, hasa upande wa juu wa mtelemko, ili mvua za mwisho na ukungu visiloweshe msingi. Udongo uliorundikana ukutani uondolewe. Mabati yenye matundu yazibwe kwa lami, na misumari iliyolegea igongwe upya.

2. Kukausha. Mvua ikishakatika, fungueni nyumba mchana kwa wiki mbili. Toeni magunia na kuni zilizoegemezwa ukutani. Ukuta ukizibwa ukiwa mbichi, unyevu hufungiwa ndani.

3. Kuziba juu ya ukuta. Nafasi kati ya ukuta na bati ijazwe vipande vya matofali na udongo, mabonde ya bati yakifuatwa kwa mkono. Anzeni upande wa kusini na mashariki. Kumbukeni kuacha tundu la hewa upande mwingine. Hii ndiyo kazi yenye faida kubwa kwa gharama ndogo kuliko zote, kwani inahitaji udongo, maji, ngazi na siku moja ya vijana wawili.

4. Lipu ya kuta. Udongo wa mfinyanzi ukichanganywa na mchanga, majani makavu yaliyokatwakatwa na samadi ya ng'ombe hutoa lipu isiyopasuka haraka. Ndani ya nyumba inatosha. Nje, upande wa upepo, ipakwe chokaa juu yake kama fedha ipo.

5. Milango na madirisha. Dirisha la tundu litengenezewe shata la mbao. Mufindi na Njombe ni nchi ya misindano, na viwanda vya kupasua mbao huwa na mabanzi ambayo hupatikana kwa bei ndogo kuliko mbao kamili. Mabanzi yakipigwa randa upande mmoja hutoa shata nzuri. Asiye na kioo anaweza kuwamba nailoni inayopitisha mwanga kwenye fremu, pande mbili za fremu hiyo ili katikati kubaki hewa, maana hewa iliyotulia huzuia baridi. Chini ya mlango kipigiliwe kipande cha mpira wa tairi au kitambaa kizito.

6. Dari. Kama kuna kazi moja inayobadilisha usiku wa nyumba ya bati, ni hii. Si lazima iwe ya kununuliwa dukani. Nchi hii ina mianzi, ileile inayotoa ulanzi, na wako wafumaji wanaotengeneza vikapu kwa mianzi hiyo. Mikeka ya mianzi iliyopasuliwa ikipigiliwa chini ya kenchi, juu yake ikatandazwa nyasi kavu au maranda kimo cha kiganja, huzuia joto lisipande na matone yasianguke kitandani. Pasipo na mianzi, viroba vilivyofuliwa na kushonwa pamoja, vikapakwa chokaa, husaidia kwa misimu michache. Tahadhari mbili: dari ya namna hii isiwekwe juu ya mahali pa moto, na mahindi yasihifadhiwe juu yake, kwa kuwa yatawaita panya.

7. Jiko. Kama jiko liko ndani ya nyumba ya kulala, msaidieni mwenye nyumba kulitenga kwa ukuta na kulipa njia ya kutolea moshi. Kama ni nyumba ya peke yake, jiko banifu la udongo lenye bomba la moshi hupunguza kuni na moshi kwa pamoja. Lakini msiwe wepesi kuubomolea mbali moto wa mafiga. Katika nyumba nyingi moshi huo ndio unaohifadhi mahindi ya mbegu yaliyotundikwa juu. Kabla ya kubadilisha, mwulizeni mama ataihifadhi wapi mbegu yake.

KITANDA NA MWILI

Nyumba ikishakuwa tayari, mablanketi yanapata maana. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kuhusu makazi na afya, linapendekeza joto la ndani lisipungue nyuzijoto 18 wakati wa baridi. Nyumba nyingi za nyanda za juu hazitafikia hapo alfajiri, hata zikitengenezwa. Kwa hiyo kitanda kifanye sehemu iliyobaki.

Baridi hutoka chini kama inavyotoka juu. Anayelala sakafuni apatiwe kitanda, au angalau tabaka nene la nyasi kavu chini ya mkeka, libadilishwe likipata unyevu. Mablanketi mawili mepesi hushika joto kuliko moja zito, kwa sababu ya hewa iliyo kati yake. Godoro na matandiko yaanikwe juani mchana na kuingizwa kabla ya saa kumi jioni. Kofia ya sufu na soksi usiku si mapambo kwa mzee na mtoto. Chupa ya maji ya moto yasiyochemka, iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa, ikiwekwa miguuni mwa mzee dakika chache kabla hajalala, hufanya kazi ambayo jiko lingefanya kwa hatari.

Mtoto mchanga anahitaji uangalizi wa pekee. Joto la mwili wake linapaswa kuwa kati ya nyuzijoto 36.5 na 37.5, na hawezi kulilinda mwenyewe. Asiogeshwe katika saa 24 za kwanza. Alazwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, wakifunikwa pamoja, na avishwe kofia. Aliyezaliwa na uzito mdogo akiwa na miguu ya baridi na kunyonya kwa udhaifu, huo ni mwito wa kwenda kituo cha afya usiku huohuo.

NYUMBA ZIPI ZIANZE

Kamati nyingi hupenda kugawa sawa: kila jumuiya mablanketi kumi, ili pasiwe na manung'uniko. Tunaelewa sababu yake. Lakini baridi haigawi sawa. Kijana mwenye afya ataamka amechoka. Bibi mwenye miaka themanini anaweza asiamke. Ni bora nyumba tano zikamilishwe, kuliko nyumba hamsini zipewe kitu kimoja kisichotosha.

Tunapendekeza orodha itengenezwe na jumuiya ndogo ndogo zenyewe, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji na mhudumu wa afya wa kijiji, bila kuangalia nani anasali wapi. Zianze nyumba zenye mtoto wa chini ya mwaka mmoja au mama anayetarajia kujifungua kati ya Juni na Agosti. Zifuate za wazee wanaoishi peke yao au na wajukuu. Katika Makete, ambako UKIMWI ulichukua wazazi wengi, nyumba za namna hii tunazijua vizuri. Kisha za wagonjwa wa muda mrefu, wenye pumu, presha, au ulemavu unaowazuia kutafuta kuni.

Orodha isomwe hadharani pamoja na sababu ya kila nyumba, ila ugonjwa wa mtu usitajwe. Manung'uniko hupungua watu wanapojua kipimo kilichotumika.

NENO KWA WAFADHILI WETU

Mfadhili anapotuma blanketi, anaona picha ya mtu akilipokea. Anapotuma fedha ya misumari, bawaba na lami, hakuna picha ya kupendeza. Tunaomba mwuone ukuta uliozibwa kama zawadi inayorudi kila mwaka. Blanketi huchakaa, na dari huendelea kumlinda hata mtoto ambaye hajazaliwa bado.

Tunaomba pia fedha zifike kabla ya mwisho wa Aprili. Msaada unaofika Julai hukuta barabara ni kavu, ndiyo, lakini mafundi wako kwenye baridi hiyohiyo na lipu ya udongo haikauki vizuri. Kwa upande wao, wanakijiji watatoa kile ambacho fedha haihitajiki kukinunua: udongo, mianzi, nyasi, samadi na siku zao za kazi. Kila kamati iandike vitu hivyo katika taarifa yake, kwa sababu huo nao ni mchango.

RATIBA YA MWAKA

Aprili: somo hili lisomwe, orodha ya nyumba itengenezwe, vifaa vya dukani vinunuliwe.

Mei: mitaro, kukausha, kuziba, dari na madirisha, mafundisho ya moto katika kila nyumba inayozibwa.

Juni, wiki ya kwanza: wanakamati wawili wakague kila nyumba jioni. Waangalie tundu la hewa liko wazi na jiko linalala wapi.

Julai: jumuiya ziwatembelee wazee na wenye watoto wachanga asubuhi, angalau mara mbili kwa wiki.

Septemba: kamati ikutane, iandike nini kilidumu na nini kilianguka, na itume taarifa kwa ofisi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kigango chetu, ni nani wanaolala jikoni kwa ajili ya joto? Je, tunajua chumba chao kina kasoro gani?

2. Mwaka jana tulitangaza nini kuhusu jiko la mkaa? Tulifuatilia kwa kazi gani ya mikono?

3. Ni vifaa vipi kati ya vilivyotajwa vinapatikana kwetu bila fedha? Nani anajua kufuma mikeka ya mianzi, na je, atakubali kuwafundisha vijana?

4. Tukiwa na uwezo wa nyumba tano tu, tutazichagua vipi, na tutawaelezaje wengine?

5. Ni mtu gani atakayewajibika kukagua tundu la hewa katika kila nyumba tuliyoziba?

Ndugu wanakamati, kipupwe hakiji ghafla. Tunaijua tarehe yake kama tunavyoijua tarehe ya kupanda mahindi, na hakuna mkulima anayesubiri mvua inyeshe ndipo atafute jembe. Tunawatakia kazi njema ya Mei, na tunasubiri taarifa zenu za Septemba.